Ukija Dar, Omba Utumwe

Mgeni wangu wa kwanza nilimharibia safari mimi mwenyewe, tena kwa mapenzi. Alikuwa binti wa shoga yangu wa zamani, kazaliwa Ilala, akapelekwa Uingereza bado ananyonya. Akaja na miaka yake ishirini na saba, anataka kukaa Dar kama sisi tunavyokaa. Nikajifunga kibwebwe. Nikamkodia bajaji siku tatu, nikamzungusha Kijiji cha Makumbusho, Mlimani City, Coco Beach kula mihogo, tukapiga picha Daraja la Tanzanite. Siku ya nne anafunga sanduku, akanishika mkono, akasema, "Mama mdogo, asante sana. Ila mji nimeuona kwa dirishani." Usiku ule sikulala.

Wa pili alikuwa kijana wa Nakuru, kaja kupumzika wiki mbili. Usiku wake wa kwanza tu, umeme ukaisha. Sisemi kukatika, nasema kuisha: LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, imesoma sifuri, simu yangu haina kitu, na goti langu la kushoto likishaona magharibi halitaki tena safari. Nikampa elfu tano na namba ya mita kwenye kipande cha karatasi. "Mwanangu, nenda pale kwenye kibanda cha wakala, sema umetumwa na mama wa mlango wa kijani." Mwendo wa dakika tatu. Akarudi baada ya saa nzima na ushei, mdomo unanukia pilipili. Tokeni anayo, tarakimu zote ishirini. Pweza kala. Kagombezwa na mzee mmoja wa kahawa kwa kumpita bila salamu, kisha mzee huyohuyo akamsogezea benchi. Na kishajua kwamba wakala wetu ni shabiki wa kufa wa timu ya Yanga, na siku Yanga ikifungwa unanunua umeme bila kutia neno. Akabonyeza zile namba kwenye mita, taa ikawaka, akanigeukia: "Mama, kesho unanituma wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kosa langu kwa yule binti. Hakuwa na shughuli yoyote mjini. Watu wa Dar hatutembei kutembea tu. Ukituona barabarani ujue tumetumwa, au tunamfuata anayetudai, au tunamkwepa. Ukitaka kukaa hapa kama mwenyeji, tafuta mtu wa kukutuma. Hivyo ndivyo ninavyofanya na wageni wangu wote siku hizi, wawe wa Lusaka, Lubumbashi au Kampala, na haya ndiyo maelekezo ninayowapa.

Pa kulala

Hoteli za Posta ni nzuri, zina kiyoyozi, lakini hakuna mtu mle atakayekuambia kachukue nazi. Tafuta chumba kwenye nyumba ya Kiswahili: Magomeni, Ilala, Kinondoni, Mwananyamala, Temeke. Ni nyumba yenye korido katikati, vyumba huku na huku, mbele kibaraza, nyuma uani. Uani ndiko nyumba inakoishi. Kuna jiko, karo, kamba za nguo, bafu na choo, na mambo yote ya mtaa husemwa huko. Utaoga kwa ndoo na kata. Ukikohoa usiku, asubuhi chumba cha pili watakupa pole.

Mwenye nyumba atakupeleka kwa mjumbe, yule kiongozi wa majirani, au atamwita mjumbe aje akuone. Usinune. Mjumbe akijua jina lako na umetoka wapi, na vijana wa mtaa watajua wewe ni mgeni wa nani, na hiyo ni kinga kuliko kufuli. Zawadi ya kumletea mwenye nyumba usiihangaikie. Sukari, au mchele, au nunua umeme bila kuambiwa. Mgeni aliyewahi kuweka umeme wa elfu kumi kimyakimya mpaka leo namtaja.

Kama umeshalipia hoteli, basi. Mzoee mlinzi wa getini na mama anayeuza matunda ng'ambo ya barabara. Si sawa na uani, lakini ni afadhali kuliko kukaa mapokezi unatazama samaki kwenye tangi.

Neno la kwanza mjini

Ninyi wa Kenya mnanielewa nikisema hili kwa upendo: acheni "nipe". Hapa mtu hasemi "nipe chai" wala "leta chai". Anasema "naomba chai", na hela anatoa mfukoni mwake vilevile. Yule kijana wa Nakuru alisema, "Lakini mama, si nalipa? Naombaje kitu ninacholipia?" Nikamwambia unacholipia ni chai, lile "naomba" ni la mtu. Siku ya kwanza alihudumiwa wa mwisho, siku ya tatu mama vitumbua alikuwa akimwekea vya juujuu vilivyoiva vizuri.

Kabla ya "naomba" kuna salamu, na salamu haikatwi njiani. Habari za asubuhi, nzuri, za tangu jana, pole na kazi, ndipo shida yako. Shikamoo ni kwa aliyekuzidi umri sawasawa. Wageni wangu wakishaionja utamu wanaigawa kama karanga, mmoja akampa dada wa miaka thelathini na kitu anayeuza chipsi. Yule dada aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji. Rika lako ni "mambo", naye atajibu "poa". Ukiwa na mashaka, "habari" haijamwudhi mtu.

Na hesabu ya mdomo ujifunze. Jero ni mia tano. Buku ni elfu moja. Buku jero ni elfu moja na mia tano, na msimbazi ni noti nyekundu ya elfu kumi. Usitoke asubuhi na misimbazi mitupu. Saa kumi na mbili na nusu hakuna mama wa vitumbua mwenye chenji ya elfu kumi, na wote walio nyuma yako kwenye foleni watakutazama kisogoni.

Kutumwa kwa karibu

Huwa naanza na vitumbua kwa sababu ni hatua ishirini tu. Nenda na bakuli lako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo ukienda mikono mitupu utafungiwa kwenye karatasi ya daftari, mafuta yatapita, na utajifunza hesabu za darasa la nne kwenye kitumbua. Pale jikoni simama utazame: chuma chenye mashimo, uji wa mchele uliolazwa na hamira na nazi, kijiti cha kugeuzia. Vikishaisha vimeisha. Saa mbili yule mama anaosha chuma chake anakwenda zake.

Halafu nazi. Hili la nazi nalisema kwa urefu, maana mgeni akiweza kununua nazi ameweza nusu ya mji.

Nenda gengeni, usiende dukani. Zichukue moja moja uzitikise sikioni. Unataka maji yasikike yakicheza. Nazi iliyonyamaza iache. Zitazame na macho yake, yale madoa matatu ya kichwani: yawe makavu, yasiwe na unyevu wala ukungu. Ukishachagua, usiondoke nayo nzima. Mwambie muuzaji, "Naomba nivunjie." Akivunja ikatoka mbovu, ni yake, atakupa nyingine. Ukiibeba ukaivunjia nyumbani ikanuka, ni yako, utakula wali mkavu. Nusu ya wageni wangu hulisahau hilo la kuvunjiwa, nami siwakumbushi, maana nazi mbovu moja inafundisha kuliko maneno yangu.

Hapohapo gengeni utakuta nyanya na vitunguu kwa mafungu. Bei ya fungu la nyanya haibishaniwi. Kinachoombwa ni nyongeza. Lipa kwanza, pokea, kisha cheka kidogo useme, "Haya niongeze basi." Ataongeza nyanya moja, pengine iliyopondeka, lakini ameongeza. Ukiomba kabla ya kulipa umeonekana mbishi, na usipoomba kabisa umeonekana mgeni.

Mama mmoja wa Lubumbashi alinirudishia nazi nzuri sana, nikamwambia, "Sasa lete mbuzi hapo nyuma ya mlango tukune." Akaenda, akakaa, akarudi ananitazama. "Mama, hakuna mbuzi kule. Kuna kigoda tu." Ndiyo mbuzi huyohuyo, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Alicheka mpaka akaegemea karo. Kisha akakikalia, akakuna nazi mbili, tui la kwanza tukaweka pembeni, la pili likachemsha mchele. Aliondoka na mbuzi mpya kwenye sanduku, ule ulimi kaufunga kwa nguo zake.

Neno moja kuhusu kula. Ukipita mahali watu wanakula, wataita "karibu!" Hiyo ni salamu ya chakula. Jibu "asanteni, starehe," upite. Akikuita mara ya pili huku anasogeza kigoda au anamwagia maji bakuli la kunawia, huyo kakuita kweli, na kukataa ni kumvunjia heshima. Nawa, kula mbele yako, kichwa cha samaki usikiguse mpaka upewe.

Kwenda Feri

Siku ya tatu au ya nne mgeni yuko tayari kwa samaki wa Feri, soko letu la samaki pale Kivukoni.

Kutoka kwetu Magomeni Mapipa unapanda mwendokasi, mabasi haya yaliyoanza mwaka 2016. Soma ubao wa mbele kabla ya kukimbilia mlango. Kuna la Kivukoni na la Gerezani, na njia zao zinaachana pale kituo cha Fire. La Gerezani linakata kwenda Kariakoo, la Kivukoni linanyoosha Posta mpaka baharini. Asubuhi yamejaa hadi milangoni. Begi liwe kifuani, simu iwe ndani ya begi. Ukipata siti akasimama mbele yako mama mwenye mzigo, pokea mzigo umpakatie, hata kama hamjuani. Atakupa usafiri wa maneno mpaka unaposhuka.

Majina ya vituo yasikuchanganye. Manzese kuna kituo kinaitwa Argentina, na Kinondoni kuna Morocco, kwa hiyo mtu anaweza kutoka Argentina kwenda Morocco asubuhi na akawahi chai. Kijana wa Nakuru aliwaandikia kwao hivyo, wakadhani jua la Dar limempata.

Ukishuka Kivukoni usiulize soko liko wapi, fuata pua. Mnada wa alfajiri ni wa wachuuzi na wenye mahoteli, wananunua kwa ndoo na matenga, dalali anaimba bei kama anaghani. Simama pembeni usikilize, usiwazuie njia, wanapita na mizigo ya maji na barafu. Wewe subiri saa moja hadi saa tatu, wachuuzi wakishapanga meza. Usinunue kwa wa kwanza pale mlangoni. Pita hadi mwisho, rudi, ndipo uulize bei.

Samaki mbichi jicho lake limejaa, jeusi, linang'aa. Likishazama au likawa na utando, pita. Fungua shavu uangalie matamvua: mekundu ndiyo, ya kahawia siyo. Bonyeza mwili kwa kidole: ukirudi ulivyokuwa, nunua. Changu kwa kukaanga, kolekole na nguru kwa mchuzi, vibua kama mfuko umetoboka. Na kabla ya kupanga bajeti tazama juu usiku wa jana yake. Wavuvi wa usiku huvuta dagaa na vibua kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wanapungua na bei inapanda. Yule mama wa Lubumbashi, kwao samaki ni wa ziwa, hili lilimfurahisha kuliko bahari yenyewe. Kila usiku alikuwa akitoka uani kuangalia mwezi, ananipigia hesabu ya vibua.

Kuna vijana wa kupara magamba hapohapo. Mpe samaki, mwulize bei kwanza, na umwambie "kichwa usikitupe". Halafu, tafadhali, nenda na ndoo yenye mfuniko. Kijana wangu wa Nakuru alirudi na jodari kafungwa kwenye gazeti, ndani ya mwendokasi, saa nne ya jua. Kufika kituo cha Jangwani gazeti limeloa, mkia umetokeza, na watu wamemwachia nafasi peke yake kama bwana harusi. Mama mmoja akamsema kuanzia pale hadi Mapipa bila kuvuta pumzi. Jodari alikuwa mtamu, hilo namsifia.

Kabla ya kununua, kama una nusu saa, panda panton, kile kivuko, uvuke Kigamboni na kurudi. Shilingi mia mbili kwa kichwa. Daraja la Nyerere lipo tangu 2016 lakini watu wa miguu bado wanapita majini: baiskeli, matenga ya kuku, wanafunzi, wafanyakazi na viatu vyao vya ofisini mkononi. Furahia upepo, kamera iache mfukoni. Ikulu iko hapo jirani na askari hawana mchezo na picha.

Kariakoo, kwa kazi moja tu

Kariakoo usiende "kuona". Utaona migongo. Nenda ukiwa na kitu kimoja kichwani. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps, ulimi wetu ukalitengeneza likawa Kariakoo, na mpaka leo ni mahali pa watu wenye mizigo. Ukisikia "pisha, pisha!" nyuma yako, pisha kwanza, geuka baadaye. Mkokoteni hauna breki.

Mimi huwatuma khanga, Mtaa wa Uhuru. Mgeni anapewa hela ya doti moja na maelekezo mawili. La kwanza ni bei: sikiliza aliyotaja, sema "mh", uliza "mwisho ngapi?", nyamaza. Ukimya unapunguza bei kuliko maneno. Akikuita bosi, anko au mjomba usijipandishe, anamwita hivyo kila mtu. Ukianza kupunguza kisha akakubali bei yako, umenunua. Kupatana bei halafu ukaondoka ni ufedhuli, na atakusindikiza kwa maneno.

La pili ni kusoma. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno ya chini. Kijana wa Nakuru siku ya kuondoka aliniletea doti, zambarau na dhahabu, nzuri hasa. Rangi aliitazama, maneno hakuyasoma: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Nami kwa furaha nikajitanda asubuhi nikaenda kuchota maji. Kumbe nilikuwa na wiki mbili sisemi na jirani kwa sababu ya mtaro wa maji machafu. Akaisoma mbele, nilipogeuka akaisoma na nyuma. Hakuniitikia salamu mpaka Ijumaa. Basi wewe ukitaka kumpa mwenyeji wako zawadi, muulize muuzaji lipi ni neno la shukrani, na umsomee mtu mwingine dukani kwa sauti uone kama atacheka.

Masika, yaani Machi hadi Mei, uliza hali ya Jangwani kabla hujatoka. Bonde la Msimbazi likijaa, kutoka Magomeni hadi Kariakoo, mahali unapopaona kwa macho, panakuwa mbali kama Morogoro. Na siku hizi Morogoro yenyewe ina treni ya umeme tangu 2024, huenda ukafika mapema zaidi.

Usalama nausema haraka. Mifuko ya nyuma ya suruali ni ya wenzio. Kwenye foleni usishike simu dirishani. Bodaboda patana bei kabla ya kupanda na udai kofia. Pensi fupi ni za ufukweni, mitaani kwetu vaa suruali au gauni la heshima, dada uwe na khanga yako kwenye begi. Usiku muulize mwenye nyumba uchochoro upi unapitika mpaka saa ngapi, na umsikilize.

Jioni

Jioni huna pa kutumwa, unatumwa ukakae. Wanaume nawapeleka kwa mzee wa kahawa, yule anayegonganisha vikombe. Kahawa chungu, kikombe cha kidole, kashata ya nazi, na drafti ya vizibo vya soda. Mimi si mtu wa kijiweni, lakini dirisha langu liko hapo na masikio yangu yako hapo. Najua mgeni ameiva siku anapoulizwa "wewe timu gani?" akaacha kujibu "zote". Yanga ni ya 1935, kijani na njano, makao Jangwani. Simba ni ya 1936, nyekundu na nyeupe, makao Msimbazi. Chagua moja ufe nayo hizo wiki mbili. Anayependa zote haaminiwi hata na kashata. Siku ya watani wa jadi, kama huna tiketi ya Uwanja wa Mkapa, nenda kibanda umiza, ulipe kiingilio, ukae kwenye benchi la ubao umebanwa mbavu na watu mia, runinga moja. Rangi ya shati uifikirie kabla hujatoka nyumbani.

Pweza utamkuta kwenye meza yenye taa, kachemshwa, anakatwa vipande vidogo, unachoma kwa kijiti, unachovya pilipili. Supu yake inakuja kwenye kikombe. Watakuambia inafanya nini kwa mwanamume. Cheka, kunywa, usiulize zaidi.

Mwezi wa Ramadhani mambo yanageuka: mchana mtaa wetu hauli hadharani, nawe usile barabarani hata kama hufungi. Magharibi ikiadhiniwa utaitwa kufuturu nyumba tatu kwa mpigo. Nenda zote, kula kidogo kidogo. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga.

Msibani

Hili sikulipanga, lilikuja lenyewe. Mama wa Lubumbashi akiwa kwangu wiki ya pili, alifariki mzee wa nyumba ya tano. Nikamwambia pumzika, mimi nakwenda. Akasema kwao pia mtu hakai ndani jirani akifiwa. Nikampa khanga, nikampa na elfu tano ya rambirambi akaiandikishe mwenyewe kwenye daftari, tukaenda. Wanaume chini ya turubai, wanawake ndani na uani. Hukai bure msibani kwetu: akakabidhiwa kisu na beseni la vitunguu vya pilau.

Vitunguu vile vilikuwa vikali. Dakika kumi tu machozi yanamtiririka, makamasi, anajifuta kwa kiganja kilekile chenye kitunguu, ndiyo inazidi. Akapita shangazi wa marehemu katoka Tanga, akamwona mgeni huyu asiyemjua analia vile, akaanguka naye shingoni. "Pole, mwanangu. Pole. Alikupenda sana." Naye akajibu, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, kwamba asante. Angefanyaje? Wakalia wote wawili. Mpaka arobaini ya yule mzee inafanyika, shangazi yule bado aliniulizia "yule binti wa Kongo, wa upande wa mama."

Kwa hiyo mtaa ukipata msiba ukiwa mgeni, usijifungie chumbani. Vaa la heshima, toa chochote kiandikwe, simu isitoke mfukoni, na ukipewa kisu, menya.

Binti wa Uingereza amerudi. Safari hii hakuniambia anataka kuona nini. Kashuka uwanja wa ndege, kapanda daladala za Barabara ya Nyerere mwenyewe, kabadilisha Kariakoo, kafika kwangu amekunjika shati na anajua nauli. Asubuhi ya leo nimemtuma nazi. Ni saa nzima sasa, mchele nimeshauchambua na maji yanachemka bure. Namsikia kwa mbali pale gengeni, amekwisha lipa, anacheka, na mwenye genge naye anacheka, anamwambia, "Wewe dada, nyongeza mara mbili nani alikufundisha?"